Ghorofa ya Juu

Ghorofa ya juu haijapigwa lipu.
Baba aliijenga kwa ajili ya Gracjan,
mwaka ule kaka anaanza darasa la kwanza.
Alisema: chini sisi, juu wewe na mkeo,
ngazi moja, majiko mawili.
Leo huko juu mama anaanika uyoga,
na chupa za matango ya siki zimepanga foleni
pale palipokusudiwa kitanda cha maharusi.

Kwa nini aliondoka?
Kamuulize meneja wa kiwanda cha samani, ukimpata.
Kaliulize duka la viatu, ambalo sasa linauza mishumaa ya makaburini.
Au muulize binamu yetu Wit,
aliyetangulia Norwe akatutumia picha moja tu:
friji yake, mlango wazi.

Lakini mimi nilikuwa jikoni usiku ule. Najua.
Mama hakulia, hakumshika mkono.
Alifunga mikate kumi na miwili kwenye karatasi
akasema bila kugeuka:
"Mgongo wa baba yako umekwisha,
na benki haina habari na mgongo."
Kumbe nyumbani ndiko kulikomsukuma,
na nyumbani ndiko kunakomvuta.
Kamba ni ileile.
Sisi tu hubadilishana ncha.

Saa kumi alfajiri, nyuma ya kituo cha mafuta,
basi likinguruma, theluji haijaamua kama ishuke au iache,
bibi Genowefa alitulazimisha tukae kidogo, ndiyo desturi,
asiyekaa kabla ya safari hafiki.
Tulikaa juu ya sanduku lake, watatu, tukisukumana.
Zipu ikakatika.
Alivuka bahari na sanduku lililofungwa kwa mkanda wa baba,
na baba akarudi nyumbani ameshikilia suruali.

Sasa anapasua samoni kisiwani, zamu ya usiku.
Jumapili mama hupiga simu.
Unakula? Nakula. Baridi? Kiasi.
Kisha wote wawili husikiliza pumzi,
na simu inahesabu dakika.
Fedha huja tarehe tano. Baba hununua madirisha,
vioo vitatu vitatu, upepo wa Karpati haupenyi.
Kaka hayupo ili chumba kiwepo.
Chumba kipo, na kaka hayupo.
Nimejaribu kumweleza baba hesabu hii.
Alinipa ngazi niishike.

Na mimi? Nilikuwa na tiketi.
Uholanzi, hospitali, mkataba wenye muhuri.
Februari bibi akaanguka kisimani.
Hakuna aliyeniambia nibaki.
Walinikabidhi tu ufunguo wa kabati la dawa.
Watu husema damu ni nzito kuliko maji.
Naam.
Ndiyo maana kuibeba kunachosha.

Krismasi hii alikuja na binti yake, Tuva, miaka minne,
Kipolandi chake kinachechemea kama kiti cha miguu mitatu.
Tukamega mkate mwembamba, tukatakiana heri,
kila mmoja akiogopa kutakia kile anachokitaka.
Tuva akapanda ngazi, akarudi na vumbi magotini.
"Baba, juu kuna nyumba ya nani?"
"Yangu."
Akacheka. Akadhani ni mzaha.
Mama aliinuka kuchukua chumvi
na chumvi ilikuwa mezani.

Usiku ule Gracjan alilala juu,
godoro sakafuni, koti mwilini, kati ya matango.
Nilisikia hatua zake: dirishani, mlangoni, dirishani.
Chumba cha pili baba alikohoa
kikohozi cha mtu asiyelala.
Kwa miaka kumi na tisa dari lile lilikuwa kimya.
Usiku mmoja likawa na miguu,
na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kusinzia akaikosa.

Wamekwishaondoka. Chupa mbili hazikuingia sandukuni.
Jana baba ameleta ndoo ya rangi nyeupe,
kisha akawaza, akaifunika.
Ameniuliza: Dobrochna, unadhani angependa rangi gani?
Nikasema sijui, mpigie.
Akatazama kalenda.
"Jumapili," akasema.
Jana ilikuwa Jumatatu.